Mwalimu Nyamaza, Mtoto Aseme

Mambo ya kufanya na kutofanya kwa anayewaandaa walimu wa kusikiliza na kuzungumza

Kipindi cha kusikiliza na kuzungumza kinaibwa mchana kweupe katika shule zetu za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, na anayekiiba ni mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Mwalimu mwanafunzi aliyetumwa kufanya mazoezi ya kufundisha anaandika ubaoni "Kusikiliza na Kuzungumza: Maamkuzi". Anaeleza maana ya maamkuzi, anaorodhesha hujambo, sabalkheri na masalkheri, kisha anawaambia watoto wanakili. Dakika 35 zinakwisha. Watoto wanafunga madaftari yaliyojaa, na hakuna hata mmoja aliyemsalimu mwenzake. Mkufunzi aliyeketi nyuma anampa alama nzuri kwa kuwa andalio la somo limefuatwa na maandishi ya ubaoni yamenyooka.

Kijana huyo anafundisha jinsi alivyofundishwa. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima linalotahiniwa, lakini mtihani wake umebaki wa kalamu. Mtahiniwa wa KCSE hufanya karatasi tatu: ya insha, ya lugha na ya fasihi. Anayefanya Kifaransa au Kijerumani huketi mbele ya mtahini akazungumza. Wa Kiswahili anaweza kupata A bila kufungua kinywa. Huyo wa Kiswahili ndiye anayejiunga na vyuo vya ualimu vya Asumbi, Bondo na Migori, ambako stashahada imechukua nafasi ya cheti cha zamani cha P1, au na kitivo cha elimu pale Chuo Kikuu cha Maseno. Huko anakutana na Mtaala wa Umilisi, ulioingia madarasani mwaka 2019 na ambao unaiweka mada ya kusikiliza na kuzungumza mbele ya kusoma na kuandika. Anatakiwa afundishe stadi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kupimwa.

Basi wa kuziba pengo hilo ni sisi wakufunzi, pamoja na walimu wakongwe wanaompokea mwanachuo shuleni. Maagizo yafuatayo ni yetu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Msikilize kwanza mwanachuo mwenyewe.

Wiki ya kwanza ya muhula, kabla ya nadharia yoyote, mrekodi kila mwanachuo kwa simu akisimulia jambo kwa dakika tatu. Kisha keti umsikilize, ukiandika. Aliyekulia kwenye Dholuo ametoka katika lugha isiyo na sauti za sh, z na v, hivyo shamba linaweza kuwa samba na vitu vikawa fitu. Mwingine, kwa kuogopa kosa hilo, anavuka mpaka upande wa pili akasema shamaki. Aliyetoka Mlima Kenya huenda anachanganya r na l, na wa Bonde la Ufa p na b. Kila mmoja apewe orodha yake ya sauti za kufanyia mazoezi, na arekodiwe tena kabla ya kutumwa shuleni. Lafudhi ya kwao haina ubaya wowote na asiombwe aitupe. Anachotakiwa ni kuzitenganisha sauti zinazobadili maana, kwa sababu watoto watajifunza kutoka kinywani mwake.

2. Fundisha sikio kabla ya ulimi.

Mtoto asiyesikia tofauti ya sauti mbili hawezi kuzitamka. Mwonyeshe mwanachuo namna ya kufundisha kwa jozi: vaa na faa, shuka na suka, shoka na soka, vua na fua. Jozi hii ya mwisho iko mbele ya macho ya mtoto wa Dunga au wa Usenge kila siku, maana ufuo huohuo mmoja kuna wanaovua na kuna wanaofua.

Zoezi liende hivi. Darasa likubaliane: kuvua ni kurusha wavu kwa mikono miwili, kufua ni kusugua nguo. Mwanachuo asimame nyuma ya watoto ili wasimsome midomo, aseme, "Baba anavua." Watoto watende, bila kusema neno. Aseme, "Baba anafua." Watende tena. Kwa kutazama mikono tu atajua papo hapo ni nani amesikia na ni nani amemtazama jirani. Arudie, abadilishe mpangilio, aongeze kasi. Mikono ikishatulia kwenye maana, ndipo watoto washike zamu ya kuamrishana wawili wawili, mmoja akisema na mwenzake akitenda. Mtoto akisema vua na mwenzake akaanza kufua, amejua mwenyewe kwamba hakueleweka, na atajaribu tena bila mwalimu kumwambia lolote.

Vivyo hivyo kwa mkazo. Dholuo ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanachuo ajifunze kuupiga mkazo huo kwa makofi na watoto, kuanzia neno moja hadi sentensi nzima.

3. Zihesabu dakika za mtoto.

Kipindi cha shule ya msingi ya juu ni dakika 35. Darasa lenye watoto 60, hata mwalimu akiwa bubu kabisa, kila mtoto akisimama peke yake atapata sekunde 35. Mwalimu akitwaa nusu ya muda kwa maelezo, mtoto anabaki na sekunde zisizotosha kujitambulisha. Lakini watoto haohao wakigeukiana wawili wawili kwa dakika 20, kila mmoja anapata karibu dakika kumi za kuzungumza na nyingine kumi za kusikiliza.

Kwa hiyo mkaguzi aingie darasani na saa na karatasi yenye safu mbili: muda wa mwalimu na muda wa watoto. Nusu ya kipindi, kwa uchache, iwe ya vinywa vya watoto. Isipofika nusu, somo limeshindwa, hata kama andalio liliandikwa kwa wino wa dhahabu.

4. Mpe mtoto sababu ya kusikiliza.

"Sikilizeni vizuri" si kazi. Kabla matini haijasomwa, mtoto aambiwe anatafuta nini ndani yake. Mwanachuo atunge tangazo fupi la hali ya hewa kwa wavuvi: upepo utavuma kwa nguvu alasiri, wenye mashua wa Mbita na Rusinga wasiingie majini baada ya saa nane. Maswali yatangulie: Nani anaonywa? Kuhusu nini? Kuanzia saa ngapi? Mara ya kwanza watoto wasikilize ili kujua habari inahusu nini. Mara ya pili watafute majibu. Mara ya tatu wahakikishe. Baada ya hapo wazungumze: mmoja awe mvuvi anayetaka kuingia majini, mwingine awe ndugu yake anayemzuia.

Matini za namna hii zimejaa mitaani. Kondakta anaita abiria wa Bondo, mama wa soko la Kibuye anataja bei ya omena, mhudumu wa hospitali anaeleza dawa inywewe mara ngapi. Mwanachuo azikusanye, azirekodi kwa sauti za watu mbalimbali, wazee kwa vijana, na taarifa ya Radio Taifa akipenda. Mtoto aliyezoea sauti ya mwalimu wake peke yake atapotea siku atakaposhuka Mombasa.

5. Anzia kwenye alicho nacho mtoto.

Mtoto wa ziwani haji shuleni akiwa mtupu. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kufundishwa kwa sigana, yaani hadithi, na vitendawili usiku. Kusikiliza kwa makini, kukumbuka na kusimulia tena ni mambo ambayo jamii hii imeyalea tangu zamani. Mwanachuo amwombe mtoto alete sigana kutoka nyumbani, apange mtiririko wake na wenzake kwa Dholuo ikibidi, kisha aisimulie kwa Kiswahili. Mtoto anayejua hadithi inakokwenda hutumia akili yake yote kutafuta maneno. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na kifungu hichohicho kinaitaka Serikali ikuze lugha za wenyeji. Mwalimu hana sababu ya kuzigombanisha.

6. Mfundishe mwanachuo kusubiri.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde moja tu kabla ya kusema tena, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na yenye fikra zaidi. Walimu wale walikuwa wakifundisha sayansi. Mtoto anayejibu kwa lugha ya pili ana kazi kubwa zaidi: asikie swali, alielewe, atafute neno, aliweke kwenye ngeli yake, ndipo atamke. Mwanachuo akishauliza swali, ahesabu hadi tano kimoyomoyo akiwa amefunga mdomo.

7. Wafundishane kabla ya kuwagusa watoto.

Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha katika miaka ya 1960 utaratibu wa mwalimu mwanafunzi kufundisha somo fupi, kwa wanafunzi wachache, akilenga stadi moja tu, akakosolewa, kisha akafundisha tena. Vyuo vyetu vinaujua utaratibu huu lakini mara nyingi huishia nusu: mwanachuo anafundisha, anakosolewa, anaketi. Ile mara ya pili ndiyo yenye faida. Kila zoezi liwe la dakika saba na stadi moja: kutoa maagizo yaeleweke, kupanga watoto wawili wawili bila fujo, au kusahihisha kosa bila kumkata mtu kauli. Akikosea, arudie siku hiyohiyo.

8. Mfundishe kupima kwa sikio.

Darasa kubwa halizuii tathmini. Mwanachuo achague watoto watano kila kipindi, apite karibu nao wakizungumza, aandike kwa kila mmoja mambo matatu: je, alieleweka, je, alimsikiliza mwenzake na kumjibu, ni sauti au muundo gani unaomsumbua? Baada ya vipindi 12 atakuwa amewasikia wote 60, na atakuwa na rekodi ambayo karatasi ya maswali ya kuchagua haiwezi kumpa.

MAMBO YA KUTOFANYA

1. Usimfundishe mwanachuo kwa mihadhara.

Ukisimama saa mbili ukisoma "mbinu kumi za kufundisha kuzungumza" huku wanachuo wananakili, umewafundisha jambo moja tu: kwamba hivyo ndivyo kuzungumza kunavyofundishwa. Nao watafanya vivyo hivyo shuleni. Mhadhara wako wenyewe uwe na kazi za wawili wawili, matini za kusikilizwa na zamu za kusema.

2. Usikubali kiitikio kihesabiwe kuwa mazungumzo.

"Hamjambo?" "Hatujambo, mwalimu!" "Tumeelewana?" "Ndiyo!" Darasa limenguruma na hakuna aliyezungumza. Katika sauti 60 zinazoitikia pamoja, asiyejua hujificha kwa raha. Kiitikio kina nafasi yake katika kuzoeza sauti na mkazo, basi. Swali la "mmeelewa?" lifutwe kabisa, badala yake mtoto aonyeshe alichoelewa kwa kutenda au kusema.

3. Usivumilie kicheko hata mara moja.

Matamshi ya watu wa ziwani yamefanywa mtaji na wachekeshaji wa redio na televisheni kwa miaka mingi. Mtoto anayasikia hayo nyumbani, halafu anaingia darasani na kukuta wenzake wanayarudia. Akichekwa mara mbili, hanyoshi mkono tena hadi amalize shule. Mwanachuo ajifunze kuzima kicheko mara kinapoanza, kwa uso mkavu na kwa neno moja. Na mwanachuo anayeigiza matamshi ya mtoto ili kulifurahisha darasa atolewe darasani siku hiyo, arudishwe chuoni na aelezwe kwa nini.

4. Usimkate mtoto sentensi ili umsahihishe.

Dholuo haina upatanisho wa ngeli kama wa Kiswahili, kwa hiyo kila kiambishi ni kazi mpya kwa mtoto. Akisema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea," usimjibu, "Hapana! Sema vizuri." Ana shida ya kitabu, na amepata ujasiri wa kuieleza. Mjibu, "Kitabu chako kimepotea? Kilipotelea wapi?" Amesikia umbo sahihi mara tatu, na mazungumzo yanaendelea. Mwanachuo aandike makosa yanayojirudia, achague matatu tu, ayashughulikie na darasa zima dakika tano za mwisho bila kumtaja aliyekosea.

5. Usimwadhibu mtoto kwa lugha ya mama yake.

Kuna shule ambazo hadi leo mtoto aliyenena Dholuo huvishwa kibao shingoni na kukizungusha kama mshtakiwa. Adhabu hiyo haijafundisha mtu Kiswahili. Imefundisha kunyamaza, na imefundisha kuchongeana. Mwanachuo akikuta desturi hiyo shuleni, asishiriki, na wewe mkufunzi umuunge mkono mbele ya mwalimu mkuu.

6. Usiite kusoma kwa sauti kuwa ni kuzungumza.

Watoto wawili wakisimama mbele wakasoma mazungumzo ya kitabuni, wamesoma. Kuzungumza kunaanza pale mmoja asipojua mwenzake atajibu nini. Wafunge vitabu. Mmoja apewe bei za samaki, mwingine apewe pesa alizo nazo, wapatane. Mwenye bei za ngege na mbuta asimwonyeshe mwenzake karatasi. Hapo kila mmoja atalazimika kuuliza na kusikiliza.

7. Usipange kipindi cha kusikiliza mahali na wakati usiofaa.

Mvua ya Kisumu hupenda kunyesha kuanzia alasiri, na ikishapiga mabati hakuna sauti ya mwalimu inayosikika hadi dawati la mwisho. Kipindi cha kusikiliza kiwekwe asubuhi. Madirisha yanayotazama barabara yafungwe, au watoto wapelekwe chini ya mti. Mwanachuo asimame katikati ya darasa, asifundishie mlangoni. Mambo haya yaandikwe kwenye andalio la somo kama vifaa vinavyoandikwa.

8. Usidhani anayenyamaza ni mjinga au mkaidi.

Huenda hasikii vizuri. Mwanachuo afundishwe kutambua dalili: mtoto anayegeuza sikio moja, anayetazama sana midomo, anayechelewa kutenda hadi wenzake waanze. Aketishwe mbele, mzazi aitwe, apelekwe kupimwa. Na kwa watoto viziwi, mtaala unaiweka Lugha ya Alama ya Kenya mahali pa Kiswahili. Mwalimu ajue njia hiyo ipo, asimwache mtoto akioza nyuma ya darasa.

9. Usikubali kisingizio cha vifaa.

Katika miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilifundisha Kiingereza cha darasa la kwanza hadi la tatu kwa redio: sauti ilitoa amri au swali, ikaacha kimya kifupi, watoto wakajibu. Redio moja ilitosha chumba kizima. Leo mwanachuo ana simu mfukoni yenye uwezo wa kurekodi na kucheza sauti. Simu ikizima, ana kinywa chake, ana watoto 60 wenye vinywa na masikio, na ana mtaa mzima uliojaa habari za kusimulia. Asiyeweza kufundisha kuzungumza kwa vifaa hivyo hataweza hata akipewa maabara.

10. Usimpe alama kwa uzuri wa karatasi.

Andalio, maazimio ya kazi na faili nadhifu vina thamani yake, lakini havisikiki. Swali la kwanza la mkaguzi liwe: watoto walizungumza nini, na kwa muda gani? La pili: walisikiliza nini, na umejuaje kwamba walielewa? Mwanachuo asiyekuwa na majibu ya maswali hayo arudie mazoezi, hata kama faili lake ni la kwanza chuoni.

NENO KWA WAKUFUNZI

Mwalimu wa shule ya umma nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Kijana wa miaka 25 tunayemwachilia mwaka huu aende Nyakach, Seme au Mfangano atasimama mbele ya watoto kwa miaka 35. Tukimwachilia akiwa anajua kunakilisha tu, vizazi vya watoto wa ziwani vitaandika insha nzuri na kushindwa kujieleza mbele ya karani wa bandari, daktari, hakimu au mwajiri. Tukimwachilia akiwa anajua kunyamaza kwa wakati wake na kumpa mtoto zamu, watoto hao watasema na kusikilizwa popote Kiswahili kinapotumika.

Kwa hiyo, mkufunzi mwenzangu, shika kalamu yako vizuri. Kama hujaketi darasani ukawasikia watoto wa mwanachuo wako wakizungumza, usimtilie sahihi.